Nari Mezani kwa Mama Pyo

Yeongju, 9 Machi 1986

Mdogo wangu Insuk,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuvusha baridi ya mwaka huu. Sisi hatujambo. Shemeji yako bado anakohoa, lakini kazini relini anakwenda, na ukimwambia apumzike anakujibu kwamba garimoshi halijui kikohozi. Mtungi wa mwisho wa kabichi ya kimchi tuliouzika uani tumeufungua juzi. Imechacha vizuri, ungekuwepo ungekula mpaka ulegeze mkanda. Mwanao Nari ni mzima. Lile gauni ulilomletea mwaka mpya limeshampanda magotini.

Sasa jambo lenyewe. Kwamba Bwana Pyo amekuposa, nimeshukuru kwenye ibada ya alfajiri nikilia kwa sauti, mpaka aliyepiga magoti karibu nami akadhani nimefiwa. Tangu Baba Nari atangulie umeishi kama mtu anayesubiri gari lisilokuja. Mungu amekuona.

Ila maneno ya mama yake ndiyo yanayoninyima usingizi. Unasema anataka wazee wa pande zote mbili tukutane mgahawani mwishoni mwa Mei, kama ilivyo desturi, na kwa kuwa baba na mama hawapo mimi na shemeji yako tukae upande wako. Sawa. Lakini anataka na mtoto awepo, ili amwone akila. Akila vizuri, ataingia nawe nyumbani kwao. Akichezea chakula, abaki kwetu, maana mtoto wa kuchagua chakula anafukuza baraka za nyumba nzima.

Insuk, mwanao unamjua au umemsahau? Anakula wali mweupe, na usiguswe na kitu. Anakula mwani mkavu, usiwe unang'aa mafuta. Kiini cha yai anakula, ute hali. Chekundu hali, chenye maji hali, chenye macho hali. Ukimdondoshea kipande cha kimchi juu ya wali, kwake wali wote umekufa. Wala halii. Anaweka mikono mapajani, anakungoja uondoe bakuli.

Hapa nyumbani tumemzoea. Lakini huko, mbele ya yule mama? Nijibu jambo moja tu: asipokula, utamwacha kweli?

Dada yako,
Okbun


Incheon, 29 Machi 1986

Dada Okbun,

Shikamoo, wewe na shemeji. Nisamehe kwa kuchelewa. Kiwandani tunashona makoti ya kupeleka nje na msimamizi hataki hata tuinue kichwa. Vidole vimevimba lakini naendelea. Mwambie shemeji achemshe tangawizi kwa asali.

Usimfikirie vibaya Mama Pyo. Wakati wa vita alilisha wanawe makapi na magome ya msonobari, na mmoja alimfia mgongoni wakiwa njiani. Aliniambia, "Mtoto akinikatalia chakula mbele ya macho yangu, naona kama ananitemea mate." Ningemjibu nini? Mchumba wangu Cheolgyu alikuwepo. Ni mtu mpole, dada, anatengeneza cherehani siku nzima bila kumfokea mtu. Mbele ya mama yake anazidi kuwa mpole mpaka humsikii.

Nimewaza hivi: mtoeni Nari mkale naye nje. Mzoesheni migahawa, harufu, watu, vibakuli vingi mezani. Labda anaogopa ugeni tu. Miezi miwili inatosha.

Nari mbusu kwa niaba yangu.

Insuk


Yeongju, 20 Aprili 1986

Mdogo wangu mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe. Maua ya micheri yamechanua njia yote ya kwenda stesheni na shemeji yako anapiga chafya badala ya kukohoa, kwa hiyo tunaita amepona. Mke wa mchungaji amejifungua mvulana, mkubwa, ana sauti ya kengele.

Tumefanya ulivyosema. Mara ya kwanza, Jumapili baada ya ibada, tulimpeleka kwa yule Mchina wa karibu na stesheni, kwa sababu hakuna mtoto nchi hii asiyependa tambi nyeusi. Bakuli lilipofika Nari alilitazama kwa muda.

"Mama mkubwa, zimeungua."

Shemeji yako akamwambia, "Hazijaungua, ndiyo rangi ya mchuzi wake."

"Basi zilizaliwa zimeungua."

Mwenye mgahawa akapita na kitambaa begani. "Mtoto wa kukataa tambi nyeusi sijamwona tangu nifungue hapa. Mpelekeni kwa daktari au kwa mganga."

"Sisi ni watu wa kanisa," akasema shemeji yako.

"Basi kwa daktari."

Tulicheka. Nari akashuka kitini, akaingia chini ya meza, akakaa huko mpaka tulipomaliza.

Mara ya pili hatukucheka. Mama mmoja anayeuza mchuzi wa mifupa ya ng'ombe sokoni aliniambia wanawe walikuwa hivyo hivyo na dawa yao ilikuwa njaa. Nikamsikiliza. Sikumpa Nari kitu tangu jioni, wala asubuhi, nikampeleka saa ya mchana. Bakuli lile jeupe, mvuke, mafuta yakielea. Alishika kijiko. Nikasema moyoni, Ee Bwana, leo. Kisha kijiko kikaanguka na yeye akafuata, taratibu, kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Midomo ilikuwa haina rangi. Nilimbeba mpaka nyumbani nikikimbia, na alivyokuwa mwepesi, Insuk, nilikuwa naangalia kama bado nimembeba.

Sitarudia dawa ya njaa. Shemeji yako amenuna nami wiki nzima, na ana haki.

Swali langu hukulijibu. Asipokula, utamwacha?

Okbun


Incheon, 3 Mei 1986

Dada,

Natumaini hamjambo. Hapa mvua. Mpe hongera mke wa mchungaji.

Nilisoma habari ya mchuzi wa mifupa nikiwa chooni kiwandani ili nisionekane. Usifanye tena.

Mama Pyo ameshachagua mgahawa, ule wa samaki karibu na bandari, chumba cha peke yetu. Ameshawaambia na ndugu zake. Cheolgyu nilimwambia mtoto anachagua kidogo. Nilisema "kidogo." Akasema, "Mama atamzoesha." Sijui maana yake.

Dada, mwambie Nari ukweli. Mwambie asipokula mbele ya yule bibi hatakuja kuishi na mimi. Ni mkubwa, ana miaka mitano, ataelewa. Mwambie wewe, maana wewe anakusikia.

Insuk


Yeongju, 13 Mei 1986

Insuk,

Bwana akulinde. Sote wazima.

Nimemwambia. Tulikuwa barazani tunachambua machipukizi ya maharage, tunatoa mikia. Nilimweleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia. Akaniuliza, "Vyote?" Nikasema, vyote atakavyokuwekea. Akaendelea kuchambua.

Tangu jioni ile anakula. Nilimwekea spinachi juu ya wali, nikageuka nyuma nisione, nilipogeuka tena bakuli ni tupu. Siku ya pili nikamwekea kimchi, nimeiosha pilipili. Akala. Jana hata sikuiosha. Shemeji yako akampigia makofi, na mtoto akatutazama mmoja mmoja usoni, kama mtu anayesubiri kuambiwa amefaulu au amefeli.

Nilipokuwa namwona hali, nilikuwa naogopa. Sasa anakula, na hofu imehamia mahali pengine ambapo siwezi kuifikia. Namshukuru Mungu, na sijui kama hiki ndicho kitu cha kumshukuria.

Swali langu sitaliuliza mara ya tatu. Liko jambo jingine ningependa kulisema, lakini nikiliandika utadhani namwombea mtoto ashindwe. Acha likae.

Tutafika na garimoshi la asubuhi.

Okbun


Yeongju, 30 Mei 1986

Mdogo wangu,

Tumerudi salama, utukufu kwa Bwana. Shemeji yako alisinzia njia nzima na koti lake la harusi, limekunjamana halitamaniki. Najua unafurahi. Mama Pyo alisema mbele ya ndugu zake wote, "Huyu mtoto amelelewa," na Cheolgyu akanimiminia chai kwa mikono miwili. Tarehe ya harusi mmeshapewa. Kwa hiyo acha nikwambie kitu ambacho wewe hukukiona, maana ulikaa upande wa pili wa meza na macho yako yalikuwa kwa yule mama.

Mimi nilikaa na Nari. Unakumbuka yule samaki mzima alipoletwa, na Mama Pyo akanyoosha vijiti vyake mwenyewe akamchomolea nyama ya shavuni, akaiweka juu ya wali wa mtoto? Alifanya kwa upendo, nitashuhudia hata mbinguni. Wote mkamgeukia mtoto. Mama Pyo akasema, "Kula, mjukuu wa watu, tukuone." Nari akatia mdomoni. Mkasema, "Haya, mmeona," na maneno yakaanza tena.

Hakutafuna, Insuk. Alimeza kizima. Na mkono wake wa kushoto, chini ya meza, ulikuwa umeshika pindo la sketi yangu umelisokota mpaka vifundo vyake vimekuwa vyeupe. Akawekewa pweza, akameza. Akawekewa chaza. Machozi yalikuwa yanamtoka jicho moja tu, lile la upande wangu. Lile la upande wa Mama Pyo lilikuwa kavu. Mtoto wa miaka mitano anajuaje kulia upande mmoja?

Nje alitapika nyuma ya mapipa ya samaki. Nilimfunika kwa mwavuli watu wasione. Akaniambia, "Usimwambie mama, nilikuwa nimeshamaliza."

Sasa nimekwambia.

Nguo zake nazifua na kuzikunja. Utakuja kumchukua baada ya harusi, kama mlivyopanga. Hajambo, anacheza.

Okbun


Incheon, 17 Agosti 1986

Dada Okbun,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya tangu nimchukue Nari. Harusi, kuhama, na joto la mwaka huu. Simu ipo nyumbani lakini iko sebuleni anapokaa Mama Pyo, ambaye sasa namwita Mama, kwa hiyo ni bora kuandika. Makoti nimeacha, namsaidia Cheolgyu dukani. Shemeji anaendeleaje?

Nari hajambo. Utashangaa, dada: anakula kila kitu. Kila kitu. Mama akimpa utumbo, anakula. Supu ya damu iliyoganda, anakula. Hachagui, hasemi neno. Mama anamtembeza kwa majirani, anawaambia, "Njooni muone mtoto anavyokula." Jumamosi tunatoka wote kwenda kula, na Mama huchagua vitu vigumu makusudi ili watu wa meza za jirani washangae. Cheolgyu anasema nilikuogopesha bure na wewe ulinitia hofu bure.

Unaona? Mambo yamekwenda vizuri.

Mimi bado naitwa "wewe binti." Mama hataki kuniita "Mama Nari." Lakini hayo ni madogo.

Insuk


Yeongju, 25 Agosti 1986

Mdogo wangu,

Salamu katika Bwana. Shemeji yako ameanza tena kukohoa. Mchungaji anahubiri Ayubu, sura kwa sura, tumechoka.

Barua yako nimeisoma kanisani alfajiri na nimeshindwa kuomba. Umeandika kwamba mambo ni mazuri, basi kwa nini unaniandikia kama mtu aliyebanwa mlangoni? Niambie, Nari anacheka? Anaomba nini? Mtoto huomba. Hapa kwetu alikuwa haishi kuomba: nifunge utepe, nipe ya juu, hii sitaki, hii imemgusa mwenzake. Je, tangu amefika kwenu ameshasema "sitaki" hata mara moja, hata kwa kiatu?

Nakuuliza hili nikipiga magoti.

Okbun


Incheon, 12 Oktoba 1986

Dada,

Sikukujibu kwa sababu jibu nilikuwa nalo na sikutaka kuliona limeandikwa.

Hajasema. Hata mara moja.

Sasa nitakwambia lililotokea, usipige simu, soma tu. Jumamosi moja tulikwenda kula samaki wa kuchoma, wale wadogo wenye miiba mingi. Mama alimwekea mmoja. Sisi wote tulikuwa tunatoa miiba tunaweka pembeni ya sahani. Mimi nilikuwa namwangalia Cheolgyu anacheka na mwenye mgahawa, nikasahau kumchambulia. Nari alimla samaki wote. Miiba yote. Aliona kutema ni kukataa.

Siku iliyofuata akala asubuhi, mchana, jioni. Nilimwona ananyoosha shingo akimeza nikadhani ni maringo ya mtoto. Siku ya tatu akawa wa moto, na mate yana damu. Nilimbeba mpaka hospitali, sikumuaga mtu. Dada, pale kitandani niliona kifo kimekaa upande wa pili kama jamaa aliyekuja kumtazama mgonjwa.

Mwiba ulitolewa. Daktari alikuwa mzee mwenye masihara, akamwonyesha, "Tazama, kwa mwiba huu na wewe ungekuwa samaki. Mbona hukumwambia mama yako kuna kitu kinakuchoma?"

Nari akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Nilikuwa nakula vizuri."

Daktari alicheka. Mimi nilitoka nje. Niliporudi, Nari akaniuliza kama kulazwa hospitali kunahesabiwa kuwa amefeli, na kama atarudishwa.

Umeniuliza mara mbili kama ningemwacha, na nikakaa kimya. Sikukujibu kwa sababu ningemwacha. Nilikuwa nimeshaamua. Na yeye alijua, dada. Wewe ulimwambia sharti tu; kwamba mimi nimeshaamua hakuna aliyemwambia, na alijua.

Sijui la kufanya. Mama anasema Nari akipona tutakwenda kula kwa ajili ya miaka sabini ya Mama mwenyewe, ukoo wote utakuwepo.

Insuk


Yeongju, 16 Oktoba 1986

Insuk,

Salamu ziwe chache leo. Kanisa zima limefunga kwa ajili ya Nari. Sikusema kwa nini, nimesema mtoto anaumwa.

Lile jambo nililoliacha likae, nalitoa sasa. Nilitaka ashindwe. Nilitaka aiteme ile nyama ya shavu la samaki mbele yao wote, arudi nami. Huku namfundisha kumeza, moyoni naomba ateme. Kwa hiyo usidhani nakuhukumu, sina mahali pa kusimama nikuhukumu.

Chumba chake kipo. Na chako kipo. Shemeji yako anasema garimoshi linakuja upande huu kila siku na yeye anawajua wote wanaoliendesha. Lakini sikwambii uje. Nakwambia hivi: siku hiyo ya sherehe sitakuwepo ashike sketi yangu. Utakuwepo wewe. Kaa naye upande mmoja wa meza.

Nitakuwa magotini.

Okbun


Incheon, 2 Novemba 1986

Dada yangu Okbun,

Shikamoo. Baridi imeanza, funga madirisha ya upande wa mto. Mwambie shemeji nimeikumbuka ahadi ya garimoshi na huenda tukaihitaji, huenda tusiihitaji. Nitakueleza uamue mwenyewe.

Sherehe ilikuwa jana. Nilikaa na Nari. Mama alikuwa kichwani mwa meza, amevaa hariri, anang'aa, na ukoo wote umejaa. Walipoleta kamba wabichi waliolowekwa kwenye sosi, wana macho, wana sharubu, akachagua mkubwa na kumnyooshea Nari juu ya meza, juu ya vichwa vya watu. "Waonyeshe," akasema.

Nari akafungua mdomo. Nikauona ulimi wake unarudi nyuma kujitayarisha. Nikaushika mkono wa Mama. Dada, nilimshika mama mkwe mkono mbele ya ukoo wake.

Nikamuuliza Nari, "Unamtaka?"

Akamtazama Mama, akanitazama.

"Ukisema hapana," nikamwambia, "nitakapolala mimi leo ndipo utakapolala wewe. Na kesho. Iwe hapa, iwe kwa mama mkubwa, iwe stesheni. Unamtaka?"

Nikasikia sosi inadondoka. Nari akasema, kwa sauti ya kifaranga, "Sitaki."

Mama akasema, "Siku yangu. Unamfundisha kufukuza baraka siku yangu."

Nikasema, "Mama, huyo uliyemzika njiani, angekuwa hai ungefurahi hata akikukatalia." Sikujua nitasema hivyo. Sijui nilipata wapi mdomo huo. Mama aliweka vijiti chini. Shangazi mmoja akasema bibi harusi amelewa, mwingine akasema hajanywa hata tone, ndiyo mbaya zaidi. Kisha Mama akamtia yule kamba mdomoni mwake mwenyewe, akamtafuna polepole pamoja na macho.

Hajasema nami mpaka sasa. Nguo zetu nimezikunja, za Nari juu ya zangu. Naogopa, dada, kila mlango ukilia naogopa. Lakini leo asubuhi mlango uliolia ulikuwa wa chumba chetu, na ni Cheolgyu. Alichuchumaa kizingitini, akaniuliza, "Mtoto anakula nini asubuhi?"

Nikamwambia, "Mwulize mwenyewe."

Akamuuliza. Nari alifikiri sana, akaniangalia, nikageuza uso nitazame ukutani. Akasema, "Viazi vitamu. Visiwe na maganda."

Akaenda jikoni. Nilimsikia anaangusha sufuria, nikamsikia Mama anauliza kuna nini, nikamsikia yeye anasema, "Viazi, Mama," kwa sauti iliyofika mpaka huku. Akarudi na bakuli, vimemenywa vibaya, vimepondeka, mvuke unamuunguza vidole.

Nari akaonja kidogo kwa ncha ya kijiko. Akalisukuma bakuli.

"Vimeiva mno," akasema. "Nataka vingine."

Mdogo wako,
Mama Nari